Hoho Ndogo za Kujazwa: Kitafunio cha Sherehe Kinachomfaa Hata Mtoto

   Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo tunaingia jikoni. Kama una kalamu na karatasi, zilete karibu, na kama huna, sikiliza tu polepole, kwa maana nitarudia yale ya muhimu.

Mada yetu leo ni chakula cha sherehe, na hasa kile kitafunio cha kwanza ambacho wageni hupewa kabla ya mlo wenyewe. Tutajifunza kutengeneza hoho ndogo zilizojazwa maharagwe na nyama, kisha zikaokwa kwa makaa. Lakini pamoja na mapishi, nataka tuzungumze juu ya saa. Ndiyo, saa ya ukutani, kwa sababu katika sherehe nyingi mtoto haumwi kwa sababu mpishi hajui kupika. Anaumwa kwa sababu chakula kilikaa mno kabla ya kuliwa.

Hebu tuangalie siku ya sherehe ilivyo huku kwetu. Iwe ni koito, harusi, mahafali, siku ya kuzaliwa, au vijana wanatoka jandoni mwezi wa Desemba, mambo ni yale yale. Akina mama wanaamka alfajiri. Kufikia saa kumi na moja nyama iko motoni, na kufikia saa mbili asubuhi wali umeiva na umefunikwa. Ratiba inasema wageni watakula saa saba. Lakini wageni wa mbali wamechelewa, hotuba ni ndefu, na kila mzee ana neno. Chakula kinapakuliwa saa tisa. Hesabu nami, mama: kutoka saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, wali ule umekaa muda wa saa saba.

Na mtoto je? Mtoto wa miaka miwili hawezi kungoja hotuba. Analia. Anapewa soda na kipande cha mkate ili anyamaze. Soda ya mililita 300 yaweza kuwa na sukari ya vijiko vya chai vipatavyo vinane. Tumbo lake dogo linajaa sukari, na chakula kizuri kinapokuja, hakitaki. Au anakila, lakini ni kile kilichokaa saa saba. Usiku ule mama anabadilisha nepi mara sita, na kesho yake wako kwenye foleni ya zahanati.

Ndiyo maana nimechagua hoho ndogo. Ni chakula kinachookwa dakika chache kabla ya kuliwa, kinagawiwa kikiwa moto, na mtoto akila vipande viwili vitatu anaweza kungoja hotuba zote akiwa ametulia.

Kwanza, hoho yenyewe. Nazungumzia ile isiyowasha, wala si ile pilipili kali ya kuliza watu. Wengi wetu tunalima au kununua aina iitwayo California Wonder. Wauzaji sokoni hupanga zile kubwa mbele, na zile ndogo za ukubwa wa yai huachwa kwenye gunia, tena kwa bei ya chini. Hizo ndogo ndizo tunazotaka leo. Chagua zilizo ngumu, zenye ngozi inayong'aa, zisizo na tundu la mdudu wala sehemu iliyooza.

Hoho ina vitamini C nyingi. Vitamini hiyo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, ndengu na mboga za majani. Madini ya chuma ndiyo yanayotengeneza damu. Kwa hiyo hoho na maharagwe vikiwa katika tonge moja, vinasaidiana. Moto hupunguza vitamini C, lakini hauimalizi yote, ndiyo maana hatuiachi hoho jikoni mpaka inakuwa uji. Na ile iliyoiva ikawa nyekundu ina vitamini A nyingi kuliko ya kijani. Mama mwenye shamba dogo nyuma ya nyumba, acha chache ziive mpaka ziwe nyekundu.

Sasa andika mahitaji. Haya yanatosha vipande 40:

Hoho ndogo 20.
Maharagwe yaliyochemshwa yakaiva, vikombe viwili.
Nyama ya kusaga, robo kilo.
Kitunguu kimoja kikubwa, nyanya mbili na karoti moja.
Kitunguu saumu, punje mbili.
Dania kiasi cha kiganja.
Yai moja la kushikanisha.
Mafuta ya kupikia, vijiko viwili vya chakula.
Chumvi, nusu kijiko cha chai.

Kama nyama ni ghali mwezi huu, iache. Ongeza kikombe kimoja cha maharagwe au ndengu, na kitafunio chako bado kitakuwa na vyakula vya kujenga mwili. Jibini si lazima.

Tuanze na maharagwe. Yaloweke usiku kucha, asubuhi mwaga maji hayo na uchemshe kwa maji mapya. Akina mama waliotoka sehemu za chini hushangaa kwamba maharagwe ya huku hayaivi upesi. Sababu ipo. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini huku Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 93 hivi. Maji yanatokota lakini joto lake ni pungufu. Kwa hiyo usiyahukumu maharagwe kwa saa ya mtu wa Mombasa. Yachemshe hadi punje ipondeke kwa vidole viwili bila kubaki na kiini kigumu. Kisha uyaponde.

Pili, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama nyumbani hakuna mfereji, kibuyu chirizi kinatosha. Osha hoho kwa maji safi yanayotiririka, ukizisugua kwa vidole, kwa sababu hoho hupigwa dawa ya wadudu shambani. Kata kila moja katikati kwa urefu, toa mbegu na nyuzi za ndani. Zikate kwa kisu ambacho hakijagusa nyama mbichi. Kama kisu ni kimoja tu, anza na hoho, malizia na nyama.

Tatu, kaanga kitunguu na kitunguu saumu mpaka vilainike. Tia nyama ya kusaga, uivunjevunje kwa mwiko, uipike hadi isibaki wekundu hata kidogo. Tia nyanya na karoti iliyokwaruzwa, acha zikauke. Tia maharagwe yaliyopondwa na chumvi. Kabla ya kutia chumvi, toa kando kikombe kimoja cha mtoto mchanga anayekula, nitaeleza baadaye. Epua, acha moto upungue kidogo, kisha tia dania na yai lililopigwa, ukoroge vizuri.

Nne, jaza kila nusu ya hoho kwa kijiko. Shindilia taratibu, usijaze mpaka kufurika.

Tano, kuoka. Najua kuna mama anasema, "Sista, mimi sina oveni." Mama, unayo. Wengi wenu mmeoka keki kwa sufuria, na hii ni kazi ile ile. Chukua sufuria kubwa, weka mchanga safi mkavu au vijiwe chini yake. Iweke juu ya makaa machache, uifunike, uiache ipate moto kwa dakika kumi. Panga hoho kwenye sufuria ndogo isiyo na mikono iliyopakwa mafuta kidogo, uitumbukize ndani ya ile kubwa. Funika kwa kifuniko bapa au bati safi, na juu yake weka makaa yenye moto. Makaa mengi yawe juu, machache chini. Baada ya dakika 30 hadi 40 hoho zitakuwa zimelainika, na juu zimekauka na kubadilika rangi. Pasua moja katikati uangalie: yai limeshikana, na mvuke unatoka. Kama katikati ni vuguvugu, rudisha. Mwenye jiko la oveni, nyuzi 180 kwa dakika 25 hivi zatosha.

Nisimame hapo kidogo, maana jambo hili linaua. Jiko la makaa lisiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa, hata kama nje kuna mvua na baridi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu husinzia na asiamke. Okea nje, chini ya paa lililo wazi pande zote. Na siku ya sherehe, watoto ni wengi na wanakimbia. Mteue msichana au mvulana mkubwa mmoja ambaye kazi yake ni kuzuia watoto wasikaribie jiko. Kumbuka una makaa chini na makaa juu.

Sasa turudi kwenye saa. Tafadhali lishikeni hili hata kama mengine yote mtasahau: chakula kilichopikwa kisikae nje bila moto zaidi ya muda wa saa mbili. Vijidudu vinavyoharibu chakula hupenda joto la kati, lile la kuanzia nyuzi 5 hadi 60. Chakula chenye moto mkali havizaliani, na kwenye friji vinazaliana polepole sana. Lakini sufuria iliyofunikwa, yenye uvuguvugu, kwao ni kitanda kizuri. Kimoja hadi vingi, vingi hadi maelfu, na chakula hakibadiliki harufu wala ladha. Huwezi kuvigundua kwa kunusa.

Kuna mama huuliza, "Si nitakipasha moto tu?" Kupasha moto kunasaidia, lakini si kwa kila kitu. Vijidudu vingine hutoa sumu ndani ya chakula, na sumu hiyo haiishi hata ukichemsha tena. Vingine hutoka kwenye jipu au kidonda cha kidole cha mpishi. Kwa hiyo mwenye kidonda mkononi, au anayeharisha, au anayetapika, siku hiyo apewe kazi ya kupanga viti. Asiguse chakula, na asione haya kusema.

Hebu tupange ratiba ya wageni wanaofika saa saba mchana. Usiku, loweka maharagwe. Saa mbili asubuhi, yatie motoni. Saa nne, osha na ukate hoho, uzifunike kwa kitambaa safi. Saa tano, kaanga nyama na uchanganye. Saa sita kasorobo, jaza na uanze kuoka. Kabla ya saa saba, hoho zinatoka zikiwa na mvuke. Ukiona wageni wamechelewa, acha kuoka. Andaa sahani moja ya watoto waliopo, na nyama iliyobaki iache jikoni ikitokota bila yai. Yai litie wakati wa kujaza. Ni afadhali mgeni angoje hoho kuliko hoho imngoje mgeni.

Zile zilizogawiwa saa saba, zikifika saa tisa hazijaliwa, kazi yake imekwisha. Najua inauma kutupa chakula, na najua wengi hubeba chakula cha sherehe kwenda nacho nyumbani. Lakini usimbebee mtoto chakula kilichoshinda mezani na nzi. Kama unataka kubeba, beba kile kilichotoka motoni sasa hivi, ukifika nyumbani kipashe mpaka kichemke, na kiliwe jioni hiyo hiyo.

Jambo la pili ninaloomba: watoto wagawiwe kwanza. Mila zetu huheshimu wazee na wageni, na hilo ni jema. Lakini mzee anaweza kungoja, mtoto wa miaka miwili hawezi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi na mtoto wa nyumbani apone pia siku ya mgeni. Mwombe mama mkwe au shangazi anayesimamia jikoni, mwambie kwa heshima, "Mama, naomba sahani ya watoto itoke kabla hotuba hazijaanza." Ukiliomba mapema, tena kwa adabu, halitaleta ugomvi.

Je, kila mtoto apewe hoho hii? Tuende kwa umri.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi sita ananyonya maziwa ya mama pekee. Hata kwenye sherehe. Hata kama kogo anataka kumwonjesha. Mwambie, "Asante sana kogo, bado ananyonya tu, mbariki kwa mkono."

Wa miezi sita hadi mwaka mmoja, mpe kile kikombe ulichotoa kando kabla ya chumvi, ukiponde kiwe laini, kikiwa kimepoa kiasi cha kumfaa. Usimpe ngozi ya hoho.

Wa mwaka mmoja hadi mitatu, menya ngozi ya hoho, ambayo hutoka kwa urahisi ikishaokwa, kisha ukatekate vipande vidogo sana. Ngozi hiyo ni ngumu na inaweza kukwama kooni.

Wa zaidi ya miaka mitatu anaweza kushika kipande chake, lakini aketi. Mtoto asile akikimbia, akicheka kwa nguvu, wala akiwa amelala. Na zile njugu zinazowekwa mezani kwenye sahani, ziwekwe mbali na walio chini ya miaka mitano.

Mtoto akipaliwa na chakula kikaziba pumzi, hawezi kulia wala kukohoa, usiingize kidole kutafuta usichokiona, maana utakisukuma ndani zaidi. Aliye chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, mpige mara tano katikati ya mgongo kwa kiganja. Isipotoka, mgeuze chali, umbonyeze kifuani mara tano kwa vidole viwili. Rudia. Aliye zaidi ya mwaka mmoja, mwinamishe mbele, mpige mgongoni mara tano. Isipotoka, simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, ivute ndani na juu mara tano. Rudia, huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali. Mtoto akizirai, mlaze chini na mwanze huduma ya kufufua pumzi papo hapo.

Na ikiwa baada ya sherehe mtoto anaharisha? Usiache kumnyonyesha, na usimnyime chakula. Mpe ORS, ukichanganya na kiasi cha maji safi kilichoandikwa kwenye paketi. Kila anapoharisha, aliye chini ya miaka miwili apate robo hadi nusu kikombe. Wa miaka miwili na zaidi apate nusu hadi kikombe kizima. Mnyweshe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Akitapika, ngoja dakika kumi, endelea polepole. Iliyobaki baada ya saa 24 imwage, tengeneza nyingine. Pia nenda kituo cha afya upate vidonge vya zinki. Hupewa kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma mapema. Usikatishe.

Lakini kimbilia hospitali mara moja ukiona haya: damu kwenye choo, anatapika kila kitu, hawezi kunywa wala kunyonya, macho yamezama, ukifinya ngozi ya tumbo inakawia kurudi, amelegea au ana usingizi usio wa kawaida, au ana degedege. Usingoje asubuhi. Na mkiumwa watu kadhaa mliokula sherehe moja, mjulisheni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Si kwa ajili ya kumwaibisha mwenye sherehe, ila wengine wapate kusaidiwa mapema.

Tukumbushane basi. Hoho na maharagwe pamoja. Mikono safi, kisu safi. Makaa nje ya nyumba. Pika hadi katikati itoke mvuke. Watoto kwanza, na vipande vya umri wao. Chakula kisikae zaidi ya muda wa saa mbili.

Msimu wa sherehe ukifika, jaribu kwanza hoho tano hivi nyumbani Jumapili moja, uujue moto wa sufuria yako kabla wageni hawajaja. Kisha siku yenyewe ikifika, weka saa ya ukutani pale pale jikoni, karibu na chumvi.

 Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda. Kumbukeni, kinga ni bora kuliko tiba. Kwaherini, na msalimieni kila mtoto.